Zanzibar kwa Akiba ya Simu: Uende Lini, Ubebe Nini, na Ulipe Nini Kwanza

Kuna aina ya simu ambayo wenzetu wa huduma kwa wateja huipokea kila msimu wa likizo. Mteja yuko uwanja wa ndege, mizigo iko kwenye kigari, watoto wameshavaa kofia za ufuoni. Hoteli ya Zanzibar imelipwa yote. Tiketi zimelipwa zote. Halafu kwenye kaunta anaambiwa kitinda mimba wao hawezi kupanda ndege kwa cheti cha kuzaliwa, na kwamba wawili kati yao hawana kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Anatupigia akiwa na hasira, na tunaielewa: "Nililipa kupitia kwenu, basi rudisheni pesa yangu."

Tunapoangalia muamala tunaona umefika kwa hoteli halisi, kwa jina sahihi na kiasi sahihi. Hakuna nambari iliyokosewa, hakuna mwizi. Pesa iliyotumwa kwa nambari isiyo yake tunaweza kujaribu kuizuia ikiwa bado ipo kwenye akaunti ya aliyeipokea. Lakini malipo uliyofanya kwa hiari yako kwa mfanyabiashara halali hurudishwa na mfanyabiashara mwenyewe, kwa masharti yake. Na masharti ya bei nafuu mara nyingi husema: hairudishwi.

Ndiyo maana tumeandika makala haya. Wateja wengi siku hizi wanaweka akiba ya safari kwenye simu, kidogo kidogo, mtu na familia yake au chama kizima. Tungependa akiba hiyo iishie mchangani, si kwenye kaunta. Tumechagua Zanzibar kwa sababu ndiko wengi wenu mnakotuuliza: ni karibu, lugha ni yetu, viza hatuhitaji, lakini ni nchi nyingine na ina masharti yake. Tuanze na swali la kwanza kabisa.

Uende mwezi gani?

Watu wa pwani hawahesabu mwaka kwa miezi peke yake. Wanahesabu kwa pepo. Ukizielewa pepo mbili na mvua mbili, utajua kwa nini chumba kilekile kina bei moja Mei na bei nyingine kabisa Agosti.

Kaskazi huvuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi. Ni msimu wa joto na jua kali, na Februari na Machi joto hupita nyuzi 30 bila shida. Bahari huwa nzuri kwa kuogelea. Wiki ya Krismasi na Mwaka Mpya ndiyo ghali kuliko zote, na hoteli nyingi hudai ukae usiku kadhaa mfululizo. Bei hushuka kiasi kuanzia katikati ya Januari, shule zikifunguliwa.

Masika ni mvua ndefu, kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Mei. Aprili ndiyo yenye maji zaidi. Baadhi ya hoteli hufunga kabisa Aprili na Mei ili kufanya ukarabati, na zilizobaki wazi hushusha bei. Hapa familia za Kenya hunaswa, kwa sababu likizo ya Aprili na mara nyingi Pasaka huangukia humo humo. Ukiona ofa tamu sana ya Pasaka, jua mvua imo ndani ya hiyo bei. Hatusemi usiende. Mvua ya masika haimwagiki saa 24, na ukibahatika utapata asubuhi mbili tatu za jua. Lakini nenda ukijua, na uulize kwanza kama mkahawa, bwawa na boti za hoteli zinafanya kazi wakati huo.

Kusi huvuma kuanzia Juni hadi Septemba. Hewa ni baridi kidogo, mvua ni haba, usiku unalala vizuri hata bila feni. Wengi huuona kuwa ndio msimu bora. Shida ni kwamba Ulaya nao wako likizoni Julai na Agosti, kwa hiyo bei hupanda na vyumba hujaa. Upepo pia huchafua bahari. Ukivuka kwa feri kutoka Dar es Salaam na tumbo lako si la baharini, beba dawa ya kichefuchefu.

Vuli ni mvua fupi, kati ya Oktoba na Desemba, hasa Novemba. Mara nyingi hunyesha kwa kitambo kisha jua likatoka.

Sasa linganisha hayo na kalenda ya shule zetu. Likizo ya Aprili ni nafuu lakini ina mvua. Likizo ya Agosti ina hali nzuri ya hewa lakini ni ghali, kwa hiyo inahitaji akiba ya mapema. Likizo ndefu ya mwisho wa mwaka ina dirisha ambalo wengi hulisahau: tangu shule zinapofungwa hadi kama tarehe 15 Desemba. Manyunyu ya vuli yanaweza kukukuta, lakini bei ya Krismasi haijaanza. Kwa familia yenye watoto wa shule, hapo ndipo tunapopapenda. Kama huna watoto wa shule, Juni, Septemba na mwisho wa Januari ni miezi mizuri bila msongamano.

Kuna tarehe nyingine za kuangalia kabla ya kulipa. Mwezi wa Ramadhani husogea nyuma kama siku 11 kila mwaka. Zanzibar ni kisiwa cha Waislamu karibu wote, na katika mwezi huo mikahawa mingi ya mitaani hufunga mchana. Hoteli za ufuoni huendelea kuhudumia wageni, lakini kula au kunywa hadharani mchana ni kukosa adabu na kunaweza kukuletea matata. Ukienda wakati huo, nenda kwa heshima, na utafaidi futari za jioni. Februari kuna tamasha la muziki la Sauti za Busara, na Mji Mkongwe hujaa. Julai kuna Mwaka Kogwa kule Makunduchi. Ukizipenda sherehe hizo, lipia chumba mapema. Ukitaka utulivu, kwepa wiki hizo.

Usisahau kuuliza maji

Hili huliwaza wachache, na linawaudhi wengi. Umelipia chumba kinachotazama bahari, umefungua pazia asubuhi, na bahari haipo. Imeondoka.

Pwani ya mashariki ya Unguja, yaani Paje, Jambiani, Bwejuu, ina mwamba mbali na ufuo, na maji yakitoka hutoka hata kilomita moja. Kinachobaki ni mchanga, madimbwi, na akina mama wakishughulika na mashamba ya mwani. Ni mandhari ya kupendeza na ni pahali pazuri pa kutembea, ila huwezi kuogelea mpaka maji yajae tena, na hiyo ni kama saa sita baadaye. Kaskazini, Nungwi na Kendwa, maji hayaendi mbali hivyo na unaweza kuogelea karibu saa zote. Ndiyo sababu moja ya bei za huko kuwa juu.

Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa sana na kutoka sana. Katikati ya hapo huwa ni maji mafu, tofauti ni ndogo. Kwa hiyo, kama watoto wako wanachotaka ni kuogelea tu na unakwenda mashariki, chagua siku za maji mafu, au tafuta hoteli yenye bwawa. Kalenda yoyote yenye alama za mwezi itakuonyesha, na haikugharimu hata senti.

Karatasi za kuingia

Hapa ndipo pesa nyingi za safari hupotelea, basi tuende polepole.

Pasipoti. Mkenya hahitaji viza kuingia Tanzania, lakini anahitaji hati ya kusafiria. Wengi wameshavuka kwenda Uganda au Rwanda kwa kitambulisho cha taifa, na wanadhani Afrika Mashariki yote iko hivyo. Mpango huo wa kitambulisho ni wa Kenya, Uganda na Rwanda. Tanzania haimo. Beba pasipoti, na iwe na angalau miezi sita kabla ya kuisha. Zile pasipoti za zamani zisizo na chipu hazitumiki tena tangu mwisho wa Novemba 2022, kwa hiyo ukitoa moja kwenye droo ya babu, usiilipie tiketi.

Kila mtoto, hata mchanga, anahitaji hati yake mwenyewe. Mtoto akisafiri na mzazi mmoja, au na shangazi au nyanya, beba cheti chake cha kuzaliwa na barua ya ridhaa ya mzazi asiyesafiri. Afisa wa uhamiaji anaweza kukuuliza, na ana haki ya kuuliza.

Pasipoti huombwa kupitia eCitizen. Ada utaiona pale pale unapojaza fomu, na malipo ya serikali huenda kwa nambari ya biashara 222222. Mtu akikuambia utume ada ya pasipoti kwa nambari yake ya simu "ili ikimbie", hiyo pesa haiendi serikalini.

Kadi ya homa ya manjano. Tanzania hudai cheti cha chanjo kwa msafiri wa kuanzia mwaka mmoja anayetoka nchi yenye hatari ya ugonjwa huo, na Kenya iko kwenye orodha hiyo. Cheti huanza kuhesabika siku 10 baada ya sindano. Hiyo "siku 10" ndiyo huwaangusha watu: ukichanjwa Jumatatu na kusafiri Ijumaa, kadi unayo lakini bado haijaanza kazi. Habari njema ni kwamba tangu Julai 2016 cheti ni cha maisha, kwa hiyo kadi yako ya zamani ya kazi ya Juba au Kinshasa bado ni halali, mradi haijaloa wala kufutika. Wajawazito, wenye umri wa zaidi ya miaka 60, na wenye kinga dhaifu wazungumze na daktari kabla ya kuchanjwa. Daktari akiona chanjo haiwafai, huandika cheti cha msamaha.

Bima ya Zanzibar. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, mgeni asiyekuwa mkazi wa Tanzania anayeingia Zanzibar hutakiwa kuwa na bima ya safari ya Shirika la Bima la Zanzibar. Kiwango kilichotangazwa ilipoanza kilikuwa dola 44 kwa mtu mzima. Bima yako ya Nairobi, hata iwe nzuri kiasi gani, haichukui nafasi ya hii. Hulipiwa mtandaoni kabla ya safari. Viwango vya watoto na vya raia wa Afrika Mashariki visome kwenye tovuti rasmi siku unayolipa. Na utaijuaje iliyo rasmi? Anwani za serikali ya Tanzania huishia na .go.tz, kama zetu zinavyoishia na .go.ke. Tovuti inayofanana lakini inaishia vinginevyo ni ya mtu wa kati anayeongeza ada yake, au ni ya mlaghai.

Jamaa wa ughaibuni. Kama unasafiri na dada aliyekuja likizo na ana pasipoti ya nje, masharti yake si yako. Wengi wao hulipa dola 50 za viza ya Tanzania, na raia wa Marekani hulipa dola 100 kwa viza ya kuingia mara nyingi. Kama bado ni raia wa Kenya na ana pasipoti yetu, aitumie hiyo na aokoe pesa.

Mifuko ya plastiki. Tanzania iliipiga marufuku Juni 2019, kama sisi tulivyofanya Agosti 2017. Usifungie viatu kwenye karatasi ya nailoni.

Jambo la mwisho la mpakani. Ukipita kwa barabara kupitia Lunga Lunga au Namanga mpaka Dar es Salaam kisha upande feri, utakaguliwa mpakani na bado utakuta dawati la uhamiaji bandarini Malindi, Zanzibar. Usiizike pasipoti chini ya begi.

Ulipe nini kwanza?

Kanuni yetu ni moja, na ndiyo kiini cha makala haya: lipia kwanza kile kinachoweza kukuzuia, halafu kile kinachokufurahisha. Watu hufanya kinyume. Wanaona picha ya hoteli, wanalipa, halafu ndipo wanaanza kutafuta pasipoti.

Tuseme wewe na mwenzio na watoto wawili mnataka kwenda mwanzoni mwa Desemba, na mmekadiria Sh120,000 kwa kila kitu. Hiyo ni mfano tu. Weka hesabu yako. Mkianza Aprili mna miezi minane. Ni Sh15,000 kwa mwezi, au Sh500 kwa siku. Weka pesa hizo kwenye akiba iliyofungwa, mbali na pesa ya matumizi, kwa sababu shilingi mia tano iliyolala pamoja na pesa ya mboga itapikwa. Kisha fuata mpangilio huu:

1. Miezi minane kabla: pasipoti za wote. Akiba ya mwezi wa kwanza na wa pili iende hapo. Usilipe kitu kingine mpaka uzishike mkononi.
2. Miezi mitatu kabla: chumba. Lipa malipo ya awali tu, na uchague masharti yanayoruhusu kubadilisha tarehe, hata kama bei ni juu kidogo. Uliza pia kama bei hiyo ina kodi na ile tozo ya miundombinu inayotozwa kwa kila mtu kwa kila usiku, au utaidaiwa ukifika.
3. Wakati huo huo: tiketi. Majina yafanane herufi kwa herufi na ya kwenye pasipoti. "Wanjiku" wa tiketi na "Wanjikũ Mary" wa pasipoti wanaweza kukutoza ada ya kusahihisha.
4. Wiki sita kabla: chanjo. Usingoje zile siku 10 za mwisho. Kliniki zinaweza kuishiwa na dawa, na mtoto anaweza kuamka na homa siku ya sindano.
5. Wiki mbili kabla: bima ya Zanzibar. Hifadhi uthibitisho kwenye simu, na uuchapishe pia. Betri huisha.
6. Wiki ya mwisho: salio la chumba na pesa ya matumizi.

Kama ni chama na mweka hazina analipa kwa niaba ya watu kumi, kumbuka kikomo: muamala mmoja hauzidi Sh250,000, na akaunti ya simu haishiki zaidi ya Sh500,000. Panga malipo kwa awamu, na kila awamu uulize risiti yenye jina la chama. Ujumbe wa simu unathibitisha kwamba pesa imetoka. Risiti ya hoteli inathibitisha kwamba chumba kipo.

Wale wa "tuma nusu sasa hivi"

Kila ikikaribia Agosti na Desemba, matangazo ya vifurushi huzagaa: siku nne Zanzibar, ndege, hoteli, chakula, kwa bei ambayo haitoshi hata nauli ya matatu ya mtu wa Kitale kufika uwanja wa ndege na kurudi. Picha ni za kweli, zimeibwa kwenye ukurasa wa hoteli ya kweli. Mazungumzo ni matamu. Halafu unaambiwa nafasi mbili zimebaki na ofa inaisha leo saa sita usiku, kwa hiyo tuma hata nusu.

Kabla hujaweka nambari ya siri, soma jina linalotokea kwenye skrini. Kampuni ya utalii inayojiita hivi na jina la akaunti ni la mtu binafsi, simama hapo. Ukiambiwa "hiyo ni simu ya mhasibu wetu, till yetu ina shida leo", simama mara mbili. Tafuta nambari ya hoteli mwenyewe, si ile uliyopewa na muuzaji, uwapigie na uulize kama uhifadhi wa jina lako upo. Kampuni za utalii za Kenya husajiliwa na kupewa leseni na Mamlaka ya Kudhibiti Utalii, TRA. Muulize muuzaji nambari ya leseni. Mwenye leseni hataudhika.

Na ukishagundua umetapeliwa, tupigie wakati huo huo, usingoje kesho. Tofauti ya dakika chache ndiyo huamua kama pesa bado ipo kwenye akaunti ile au imeshatolewa kwa wakala. Kisha ripoti polisi upate nambari ya OB. Usione haya. Wanaotapeliwa si wajinga. Mara nyingi ni watu waliochoka wanaotaka kuwafurahisha watoto wao.

Ukumbuke pia kwamba sisi hatutakupigia kamwe tukuulize nambari yako ya siri. Hata ukiwa Zanzibar. Hata mpigaji akikutajia jina lako lote na la mama yako.

Ukishafika

Washa huduma ya kutumia laini nje ya nchi kabla hujaondoka, hata kama huna mpango wa kupiga simu. Ukiikosa, ujumbe wa kuthibitisha malipo hautakufikia, na utabaki na pesa ambayo huwezi kuigusa. Zima data ya laini ya Kenya, isije ikala salio kimya kimya.

Kwa pesa ya kila siku una njia tatu. Unaweza kubadilisha pesa taslimu kwenye duka lenye leseni au benki. Unaweza kutoa kwa kadi, ila mashine nyingi ziko mjini. Vijijini ufuoni ni chache na wikendi zinaweza kukauka. Au unaweza kusajili laini ya Tanzania kwa pasipoti yako, kisha ujitumie pesa kutoka kwenye laini yako ya Kenya. Zitaingia kama shilingi za Tanzania. Kabla ya kuthibitisha, soma mambo mawili: ada, na kiwango cha kubadilishia. Kama kadirio la haraka kichwani, shilingi yetu moja imekuwa ikikaribia shilingi 20 zao, lakini kiwango hubadilika, fuata kile cha siku hiyo. Ukisikia bei ya samaki Forodhani ni "elfu kumi na tano", usishtuke, ni kama Sh750 zetu. Patana bei kabla samaki hajaingia motoni. "Buku" ni elfu moja. Na kile sisi tunachokiita till, wao hukiita Lipa Namba.

Mjini na vijijini, funika mabega na magoti. Nguo za kuogelea ni za ufuoni. Na kuna kitu kimoja hakihitaji pesa yoyote: salimia. Ukiingia dukani Unguja ukauliza bei bila hata "habari za asubuhi", bei utakayopewa itakukumbusha.

Kama pasipoti haitafika

Wakati mwingine pasipoti inachelewa na likizo haingoji. Usikope ili ulazimishe. Diani, Watamu, Malindi na Lamu zina pepo zilezile, masika ileile na bamvua ileile, na unachohitaji ni kitambulisho chako na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Treni ya Nairobi hadi Mombasa hulipiwa kwa simu, na viti vya Desemba huisha mapema, kwa hiyo kanuni ya kupanga mapema haikuachi hapo pia. Akiba ya Zanzibar iache ikue kwa mwaka ujao.

Yule mteja tuliyeanza naye? Hoteli haikumrudishia pesa, lakini baada ya barua pepe kadhaa ilikubali kumsogezea tarehe, kwa kulipa tofauti ya msimu. Familia ilikwenda miezi mitatu baadaye, ikiwa na pasipoti nne na kadi nne za njano. Alitupigia tena siku ya safari, kutoka uwanja ule ule wa ndege, tukadhani ni malalamiko. Alitaka tu kuuliza ada ya kutuma pesa Tanzania. Tukamjibu, tukamtakia safari njema.

Nawe tunakutakia hivyo hivyo. Anza na droo: ifungue leo, utoe pasipoti, usome tarehe ya mwisho.